Kitanda cha Bwana Mkanda

"Baba, nimesema yatoke! Yote!"

"Yatoke yaende wapi? Hayo ni maranda ya mwerezi, watu wanagombania karakanani kwangu, wewe unayazoa kama taka!"

Mjukuu wangu wa kike amepiga magoti sebuleni, mikono ndani ya boksi la kioo. Baba yake, mwanangu fundi seremala, kasimama kichwani pake. Kati yao yumo Bwana Mkanda, nyoka asiye na sumu, anahema kinywa wazi kama mwimbaji aliyesahau maneno.

Mwanangu hakuwa na ubaya. Kwetu nguo hulazwa sandukuni na maranda ya mwerezi; tangu niolewe, nondo hajaonja hata kola. Bwana Mkanda alipoingiwa na utitiri, fundi akasema dawa ninayo. Binti akiwa kazini, akamjazia boksi, akabana kifuniko.

"Harufu inayomuua mdudu, nyoka anaivuta kifuani," binti akasema. "Wewe ikikukera unatoka nje. Yeye atatokea wapi?"

"Haya, mimi ndiye muuaji. Ila akifa huyo, nyoka mwingine haingii humu!"

Akabamiza mlango mpaka picha ya marehemu mume wangu ikageukia ukuta.

Binti hakulia. Huyu kamlea Bwana Mkanda tangu hajazidi kamba ya kiatu. Alimtia ndani ya foronya, mbio kwa daktari wa mifugo, akarudi na dawa. Kisha akaosha boksi, akalikausha, akatandika karatasi nyeupe. Hapo mngemwona! Kazi yake ni kutandika vitanda hotelini, na wageni wakorofi wote hupewa yeye. Kila karatasi aliinusa kwanza, akaikunja kona, akaipitishia kiganja hadi ikanyooka. Mimi nimelalia matandiko ya harusi yaliyokuwa na makunyanzi zaidi. Zikichafuka, anatoa, anatandika upya, bila kusonya.

Basi asubuhi moja Bwana Mkanda akafumba kinywa. Jioni akameza panya mkubwa kuliko paka wa jirani, na hapo nimepunguza.

"Mke mwenzangu," nikamwambia, "umeyashinda mauti kwa karatasi!"

Akacheka, halafu akapoa. "Karatasi zinamfaa, Bibi, lakini anapenda kujifukia. Daktari anasema maranda yapo yanayofaa: ya mbao nyeupe isiyonukia, yaliyochekechwa vumbi lote."

"Na nyumba hii ina fundi. Mwambie."

"Nimwambieje? Tangu siku ile hanisemeshi."

"Nawe humsemeshi. Mtoto wa nyoka ni nyoka!" Nikasogea dirishani, linalotazamana na karakana, nikapaza sauti ya kuitia ng'ombe: "MBAO NYEUPE, UMESEMA? ISIYONUKIA? ICHEKECHWE VUMBI?"

"Bibi! Watu watasikia!"

"Wasikie. Nina masikio mabovu mimi."

Upande wa pili randa ikanyamaza. Kisha ikaanza tena, polepole, halafu nikasikia chekeche, *cha-cha-cha*, mpaka chai yangu ikapoa kikombeni.

"Lakini Bibi, akikataa? Maana baba ukimkosoa mbele za watu—"

Mlango ukafunguka. Fundi kaingia, kope nyeupe kwa vumbi, gunia begani. Akalitua gunia. Akachota maranda meupe kiganja kizima, akamsogezea binti yake puani anuse.