Chupa ya Oili na Safari ya Bibi

Harufu ya oili iliyochoka ndiyo iliyotutangazia kwamba Baba amerudi kazini. Iliingia ndani kabla yeye hajamaliza kuvua viatu, ikapita sebuleni, ikatufuata mezani, na Mama alikuwa amekwisha jaribu kila sabuni iliyouzwa Doha bila mafanikio. Tuliishi Al Rayyan, katika vyumba vitatu vilivyokatwa kutoka jumba kubwa la mwenye nyumba, na Baba alisimamia gereji ya mabasi huko Sanaiya, kama kila mtu anavyoliita eneo la viwanda. Mimi nilikuwa darasa la tano na harufu ile niliipenda waziwazi, jambo lililomkera Mama sana. Mwaka huo Bibi, mama yake Baba, alikuja kututembelea kutoka Tanga akiwa na mzigo wa udi na ubani uliomfanya ofisa wa uwanja wa ndege akune kichwa. Tangu hapo nyumba yetu ilikuwa na harufu mbili kila jioni, na hakuna iliyokubali kuipisha nyingine.

Bibi hakuja kuona maghorofa. Alikuja kwa sababu kutoka Doha mtu anaweza kuendesha gari, akavuka mpaka wa Salwa kuingia Saudia, akakatiza jangwa hadi Makka, na yeye alikuwa ameitamani Umra tangu kabla Baba hajaoa. Ndege hakutaka kuisikia: alisema moja ya kuja na moja ya kurudi zinamtosha kwa maisha yake yote. Mabasi ya mahujaji yalikuwapo, lakini magoti yake hayakuweza kukaa yamekunjwa mwendo mrefu namna ile. Likabaki gari letu, ambapo angeweza kujinyoosha kiti cha nyuma. Viza yake ya Umra ilikwisha toka, na yeye na Mama walikwisha kwenda Al Sadd kununua kitambaa cheupe, wakashona, wakapiga pasi, wakakunja. Mimi na kaka yangu tulikuwa tumeambiwa tutakwenda pia, na shuleni sikuwa na mazungumzo mengine.

Shida ilikuwa gari lenyewe. Sisi watoto tulilipa jina la Shangazi, maana kila asubuhi lililalamika weee kabla ya kukubali kuondoka. Mama aligoma katakata kumpandisha mama mkwe ndani ya Shangazi na kuingia naye jangwani kwa kuamini maneno ya Baba peke yake. Baba hakukasirika. Mabasi ya kampuni yake yalipimwa oili mara kwa mara katika maabara ya jirani na gereji, naye akaamua gari lake lipimwe vivyo hivyo. Alituelezea wakati wa chakula, akisahau kula kama ilivyokuwa kawaida yake akizungumzia injini: oili hupita kila mahali, na ikirudi huwa imebeba unga mwembamba wa kila kinachosagika. Chuma kikizidi, silinda zinalika. Shaba ikizidi, beringi zimechoka. Mchanga ukizidi, hewa inaingia bila kuchujwa. Yote hayo unayajua bila kufungua hata boliti moja.

“Kwa hiyo mnalipima mkojo,” Bibi alisema.

“Ni kama hivyo, Mama.”

“Basi si useme tu! Unazunguka weee, wali unapoa.”

Baba alileta kutoka kazini chupa ndogo ya plastiki yenye kifuniko, akaiacha juu ya meza ya jikoni. Ijumaa asubuhi alizungusha gari mitaani mpaka injini ikapata moto, akapitisha mpira mwembamba pale panapoingia kijiti cha kupimia oili, akaivuta oili kwa pampu ya mkono. Ilijaa chupani nyeusi tititi. Tulisimama kuizunguka kama watu wanaotazama mtoto mchanga. Jumapili akampa Mjomba Wafula aifikishe maabara. Huyu alikuwa rafiki yake Mkenya, dereva wa basi la wafanyakazi, ambaye hatukuwa na undugu naye wowote lakini alikula kwetu kuliko baadhi ya ndugu.

Wafula ndiye aliyeleta majibu pia, na siku hiyo alikataa chai, kwa hiyo tukajua kuna jambo. “Bakari, pole sana ndugu yangu,” alimwambia Baba. “Jamaa wa lab anasema hiyo injini imeisha. Maji iko ndani ya oil, na chumvi mob, ile ya dawa ya rejeta. Vumbi pia iko. Anasema ukienda nayo desert, itakufa huko na nyinyi ndani.” Maana yake, Baba alituelezea kwa sauti ya chini, ni kwamba maji na chumvi nyingi namna ile vinaonyesha gasketi ya kichwa cha injini imepasuka, na maji ya rejeta yanavujia kwenye oili. Kutengeneza kungechukua muda ambao viza ya Bibi haikuwa nao. Mama alikwenda jikoni akafungulia bomba ili tusimsikie akilia. Bibi yeye hakulia. Alizichukua zile nguo nyeupe kutoka juu ya kabati, akazirudisha chini kabisa ya sanduku lake, akasema, “Kama sikuitwa, sikuitwa,” kisha akaniuliza kama nina kazi ya shule. Nililala nikiwa na hasira na kila mtu, hata na Mjomba Wafula, ambaye kosa lake lilikuwa kusema tu.

Baba, hata hivyo, ni mtu mkaidi. Kila asubuhi alifungua boneti akachungulia maji ya rejeta, na kila asubuhi yalikuwa palepale. “Kama yanavuja,” alisema, “mbona hayapungui?” Mama alimwambia aache kujidanganya, maabara ina mashine na yeye ana macho tu. Alhamisi akaleta chupa ya pili, akaiweka mezani, akaenda msikitini kuswali Alasiri. Mimi na Mama tulikuwa tunachambua mchele. Bibi alipita, akaichukua ile chupa, akaifungua, akainusa, akakunja uso. Kisha akapandisha mikono ya gauni lake, akachota chumvi ya mawe, akakata ndimu.

“Mama, unafanya nini?” Mama aliuliza.

“Naiosha. Inanuka plastiki. Ile ya kwanza ilikuwa hivihivi, nikaisugua, nikaisuuza, nikaifukiza kwa udi ikatulia. Kitu kinatoka nyumbani kwetu kwenda kwa watu, kiende kinanuka? Watasema hawa ni watu wa wapi?”

Mchele ulimponyoka Mama vidoleni. Halafu akaanza kucheka, cheko lile la machozi, akajifunika uso kwa khanga. Baba aliporudi alitukuta sote watatu tunacheka, Bibi akicheka kwa sababu sisi tunacheka, na ilichukua muda mtu kupata pumzi ya kumweleza maji na chumvi ya maabara vilitoka wapi. Alipoelewa alimbusu mama yake kichwani. Akakumbuka kwamba chupa ile ya kwanza ilinukia udi, lakini mwezi ule kila kitu nyumbani kilinukia udi, hata soksi zake.

Sampuli mpya ikaenda katika chupa isiyoguswa na mtu. Maji hakuna, chumvi hakuna, chuma na shaba vya kawaida kwa gari la umri ule. Vumbi tu ndilo lililobaki, lilelile ambalo mara ya kwanza hatukulisikia kwa sababu ya kelele za maji. Baba akafungua boksi la chujio la hewa, akakuta mpira wake umepasuka na mchanga wa Qatar unaingia utakavyo. Akaweka mpya, akabadilisha oili, tukaondoka. Bibi alilala karibu jangwa lote, akiamka tu kumwambia Baba apunguze mwendo, na kudai kwamba yeye ndiye aliyeliokoa gari. Tulimkubalia.

Alifariki Tanga mwaka uliofuata. Mimi bado naishi Doha, na gari langu la sasa halinuki chochote. Lina kioo cha dashibodi kinachoniambia lini oili imechoka na lini niende gereji; nami hutii bila kuuliza, kwa sababu nina haraka na sijui kufungua hata boneti. Najijua: leo likiniambia kuna maji kwenye oili, nitalizima, nitaahirisha safari, na kila mtu atasema nimefanya la busara. Baba aliambiwa vilevile, akaenda kuchungulia rejeta. Ndiyo maana Bibi alisimama mbele ya Al-Kaaba akiwa ameushika mkono wangu kwa nguvu hadi ukaniuma, na sikuutoa.