Hilaire wa Masikio

Katika kambi ya mgodi kule Walikale hakukuwa na mtu asiyejua masikio ya Hilaire. Baba yake alikuwa mpiga lokole, ile ngoma ya mti inayopeleka habari toka kijiji hadi kijiji, naye alimlea kwa sheria moja: ngoma usiyoielewa, usiijibu. Unapiga "rudia", hata mara kumi. Kuomba kurudiwa si aibu, aibu ni kujibu upepo.

Basi mwaka 1953 kampuni ilipofyeka msitu ndege ipate pa kutua, nani mwingine angewekwa kwenye redio? Hilaire alijua Kifaransa cha mapadri na alivaa kaptula safi. Ila wenye akili zao walikijenga kibanda cha redio ubavuni mwa moteri ya umeme. Moteri inanguruma huku, ndege inanguruma kule, na katikati kuna sauti nyembamba ya rubani ambayo Hilaire alipaswa kuichambua kama mawe kwenye mchele. Ikifika saa nane mchana, maneno yaliingia lakini maana ilichelewa. Nyumbani mkewe Colette akisema lolote, yeye aliitikia kwa kichwa tu. Uzembe haukuwamo. Alikuwa amechoka kusikia.

Siku moja Elisabeth, mke wa rafiki yake Séraphin, alishindwa kujifungua. Akapakiwa kwenye ndege apelekwe hospitali ya Goma. Nafasi ilikuwa ya mtu mmoja, Séraphin akabaki.

Saa tisa rubani aliita. Hilaire hakupata kitu. Akaomba arudie. Akarudia, bado ni ngurumo tupu. Nyuma yake bwana mkubwa wa mgodi alikuwa amesimama, anaangalia saa. Hilaire aliona haya kuomba mara ya tatu. Akabonyeza kitufe, akasema, "Bien reçu," yaani nimesikia vizuri. Kisha akamgeukia bwana mkubwa: "Anasema yote iko muzuri."

Kumbe rubani alikuwa amezuiwa na ukungu juu ya Masisi, akashuka kwenye malisho ya ng'ombe karibu na Burungu. Alikuwa anaomba Goma waambiwe walete gari. Gari gani, na Goma hakuna aliyeambiwa? Wamama wa mlimani walimshika Elisabeth usiku kucha, na alfajiri akafa, yeye na mtoto tumboni.

Rubani aliporudi alimpiga Hilaire begani. "Ni kelele, Hilaire. Hata mimi masikio yangu ilikuwa imechoka." Maneno hayo yalibaki kati yao wawili. Hakuna aliyemlaumu, na hilo ndilo lililomla. Kila Jumapili alimwona Séraphin kanisani, na kila Jumapili alikaa benchi la nyuma.

Miaka mitatu ikapita. Séraphin alioa tena, akamwoa Libérata, wakapata mtoto wa kiume. Siku moja mchana akamwita Hilaire uani kwake, akamwekea kiti, akamletea mtoto.

"Kaka, huyu tutamuita Hilaire. Siku ile wewe njo ulisemaka na ndege. Hukumuacha Elisabeth peke yake. Utakuwa parrain yake, baba yake wa ubatizo."

Hilaire alimshika yule mtoto. Angeitikia kwa kichwa, kama alivyozoea. Badala yake akamrudishia baba yake.

"Séraphin, siku ile sikusikiaka kitu. Rubani aliomba gari, mimi nikajibu nimesikia. Niliona haya mbele ya muzungu. Bibi yako alikufa juu ya kosa yangu."

Séraphin naye alikuwa mtu wa msitu, mtoto wa lokole.

"Rudia," akasema.

Hilaire akarudia. Sauti ilimkatika kwenye neno gari.

"Rudia tena."

Akarudia mara ya tatu, yote, tangu moteri hadi haya, machozi yakimtiririka.

"Sasa njo nimesikia," akasema Séraphin. Akambeba mtoto, akaingia ndani, akafunga mlango.

Mtoto alibatizwa Evode.