Solo Niliyomwimbia Baba

Kuna aibu ambazo mtu huzisimulia baada ya muda akacheka na wenzake, na hii yangu nimejaribu kuifanya hivyo mara kadhaa, wao wakacheka vizuri tu, mimi nikabaki nimekaza meno. Kwa hivyo leo nawaambia bila kuipamba. Siku ya kumzika baba yangu mzazi watu walicheka, tena si kicheko cha chini chini, na waliyemcheka ni mimi.

Mimi nauza katika duka la vifaa vya ujenzi mjini Meru, na jioni, nikifunga duka, huwa nakwenda mazoezi ya kwaya ya wanaume ya kanisa letu huku Kaaga. Si kwaya ya mchezo. Tuna suti za kijani (zote zinabana kwapani, fundi aliyezishona sijui alikuwa anapima nani), tuna mwalimu wa kwaya anayeitwa Gitonga ambaye sijawahi kuona meno yake, na tunaalikwa kwenye harusi na mazishi hadi kule Embu. Solo karibu zote nilikuwa naziimba mimi. Sikilizeni vizuri, nimesema nilikuwa.

Baba hakuwahi kutusikia hata siku moja. Alikuwa mkulima wa viazi kule Timau, na kila nikimwalika alikuwa na jibu lake tayari: "Wanaume wazima hivyo mnaimba jioni, kwani ng'ombe zenu zinakamuliwa na nani?" Lakini mara ya mwisho tulipoongea kwa simu alisema mwenyewe, bila mimi kuuliza, "Kinoti, hebu siku moja mje muniimbie, nisikie hiyo kitu imekushika hivyo." Nikamwambia tutakuja mvua ikiisha. Akaondoka mvua ikiwa bado inanyesha.

Sasa kwaya yetu ina desturi moja, na ni desturi nzuri, natamani ningeiheshimu. Mwanakwaya akifiwa haimbi. Anavaa nguo zake za kawaida, anakaa na familia kwenye viti vya mbele, sisi ndio tunamwimbia. Kwa hivyo wiki ile yote wenzangu walifanya mazoezi bila mimi, na solo akapewa Mwenda, kijana wa sauti ya kwanza ambaye anapanda juu bila hata kukunja uso (nilimchukia kidogo kwa hilo, na hiyo ilikuwa kabla ya baba kufa). Mimi nilikuwa Timau nashughulika. Mnajua kifungua mimba akifiwa anakuwa nini: tenti, sufuria, kibali cha mazishi, mchungaji anauliza saa, wajomba wanauliza nyama. Sikulia. Sikupata hata nafasi ya kulia, na shangazi yangu Kanana, dada yake baba, alikuwa ananiangalia tu kila nikipita na karatasi zangu.

Asubuhi ya mazishi nilifungua begi nikaona ile suti ya kijani, nikaivaa. Huo ndio uamuzi wenyewe, mdogo hivyo. Nilijiambia baba aliomba kunisikia mimi, hakuomba kumsikia Mwenda.

Kwaya iliposhuka garini nikawaendea, nikamwambia Mwalimu Gitonga nitaimba solo. Akanitazama na suti yangu. "Kinoti, wewe umefiwa. Kaa na mama yako."

"Mwalimu, ni baba yangu."

Afadhali angekataa! Alimwangalia Mwenda, Mwenda akasema hakuna shida (hata hasira hakuwa nayo, na hilo pia liliniuma), kisha Mwalimu akasema, "Sawa, lakini hii wimbo tumeinyanyua kwa sababu ya sauti ya Mwenda. Nitaishusha kidogo."

Na mimi, mbele ya wanaume wote, nikamjibu, "Usishushe. Iache hapo hapo."

Kwa nini nilisema hivyo? Kwa sababu Mwenda alikuwa amesimama pale akisikia. Hakuna sababu nyingine, nimeitafuta sana.

Tukaitwa. Timau kuna upepo baridi unaotoka mlimani unakausha koo kabla hujafungua mdomo, na mimi tangu alfajiri nilikuwa nimekunywa chai nusu kikombe nikiwa nimesimama. Jeneza liko mbele yangu, picha ya baba juu yake, mama kwenye kiti cha kwanza amejifunga leso nyeusi. Nikasema moyoni, mzee, sasa sikiliza. Mstari wa kwanza ukatoka, wa pili ukatoka kwa shida, na nikaanza kuhesabu kilichobaki kama mtu anayepanda kilima na gunia, kwa maana nilijua kiitikio kinakuja na neno "pumzika" liko kule juu kabisa, na Mwalimu alikuwa ameshafumba macho.

"Umefika, baba, pumzi..." Hapo ikatoka sauti ambayo sijui niiite nini. Jogoo mdogo anayejifunza kuwika angeona haya. Watoto waliokuwa wamekaa kwenye nyasi wakaangua kicheko, wenzangu wa sauti ya kwanza wakaingia, wakajikwaa, wakanyamaza mmoja mmoja, besi peke yao wakaendelea kunguruma bila habari. Nikainua mkono, nikasema kwenye maikrofoni, "Turudie." Mtu hurudia nini kwenye mazishi? Tukarudia, ikakatika mahali pale pale, safari hii vibaya zaidi.

Nikatoa kitambaa cha mfukoni nikaficha uso. Wallahi nilitaka tu kuficha uso. Lakini wanawake waliponiona wakatoa ukemi, "Uuui, mtoto wa wenyewe!" na mshereheshaji akachukua maikrofoni, "Wananchi, mwanaume akilia mbele ya watu hivi, jua uchungu imefika kwa mfupa. Hebu tumpatie nafasi." Mchungaji akaja akanishika bega. Kila mtu akanyamaza kwa heshima, hata wale watoto. Nikaona mlango wa kutokea umefunguka, nikapita. Nikatikisa mabega. Nikavuta kamasi ambayo haikuwepo. Nikalialia pale, macho makavu kabisa chini ya kitambaa, mpaka wakanishika mikono yote miwili wakanikalisha karibu na mama, na mama akaniwekea mkono mgongoni akanisugua kama alivyokuwa akifanya nikiwa mtoto.

Mwenda akachukua solo. Aliimba, niseme ukweli, aliimba vile baba alistahili kuimbiwa. Watu walilia kwelikweli. Mimi niliendelea kushika kitambaa usoni kwa sababu sikujua kilio cha uongo kinapaswa kukoma wakati gani.

Ningeponea hapo. Lakini ikafika zamu ya dada za marehemu kusema, akasimama Shangazi Kanana, mtu ambaye hajawahi kunong'ona maishani mwake. Akawasalimu watu, akamsifu kaka yake, akaeleza vile alivyokuwa anampenda ng'ombe wake, kisha akanigeukia. "Na huyu Kinoti, wacha niseme, tusidanganyane mbele ya maiti. Huyu hajalia tangu tupate habari. Leo pia hajalia. Ni wimbo ilimshinda! Mwangalieni, hiyo kitambaa iko kavu kama unga."

Tenti zote zikapasuka. Walicheka wajomba, wakacheka majirani, mchungaji alijifanya anakohoa. Wenzangu wa kwaya walicheka wakiangalia viatu. Mshereheshaji akasema eti tupunguze, naye mwenyewe sauti inatetemeka kwa kicheko. Hata shangazi alicheka, na najua hakunichukia, alitaka tu watu wapumue kidogo, ndivyo alivyo. Mama hakucheka. Alitoa tu mkono wake mgongoni mwangu, polepole, akauweka mapajani pake.

Tukaenda kaburini. Niliwasaidia kushika kamba, tukamshusha, nikapewa udongo wa kwanza kama mtoto mkubwa. Ulipogonga mbao, hapo, jamani, nikalia. Nililia bila kitambaa, kamasi na kila kitu, nikamwita baba kwa jina la nyumbani ambalo sikuwa nimelitumia tangu nianze shule. Nilikuwa na wiki nzima ya machozi na yote yalishuka kwa pamoja.

Nyuma yangu mwanaume mmoja akasema, "Ameanza tena."

Wakacheka. Wachache, lakini walicheka, na hakuna mwanamke aliyetoa ukemi, na mchungaji hakuja kunishika. Walinipisha tu wakaendelea kujaza udongo. Nililia peke yangu kwenye kaburi la baba yangu, watu wakinisubiri nimalize mchezo.

Hilo ndilo lililonikaa mpaka leo. Solo kuharibika ni jambo dogo, kila mwimbaji ana siku yake mbaya. Mwalimu Gitonga alinihamishia mstari wa nyuma na sikubisha, na vijana wanaokuja dukani wakiniuliza kama nimepumzika nawapimia tu misumari yao. Lakini nilikuwa na nafasi moja tu ya kumlilia baba watu wake wakiona, nami nikaichafua kwa sababu ya sauti ya Mwenda.

Jioni, wageni wakishaondoka, nilimkuta mama jikoni amevua viatu, miguu karibu na moto. Nikakaa kwenye kigoda. Akanimiminia chai, kisha akaniuliza bila kunitazama, "Kinoti, ile ya kaburini, ulikuwa unalia ama ilikuwa ile ile?"

Nikamwambia, "Nilikuwa nalia, mama."

Akasema, "Haya." Akavuta ukuni mmoja nje ya moto.

Kwa hivyo mkinialika kuimba mazishini msinisumbue na habari ya solo. Nitasimama nyuma kwa besi, nitafungua mdomo, na siku nikifiwa mimi nitakaa kwenye viti vya wafiwa na koti langu kuukuu, niimbiwe. Nimeapa. Ila lile "haya" la mama nimeligeuza kila upande, na mpaka leo sijui kama aliniamini, na kumuuliza siwezi.