Paris yangu iliishia darajani

Leo mjukuu wangu amenivua uprofesa wa Paris.

Mnanijua, jiji hilo nimewaeleza kwa miaka mingi. Nilipokuwa nasoma Lille, kaskazini mwa Ufaransa, mara moja kwa mwezi tulipanda treni asubuhi, familia nzima, tukashinda Paris na kurudi jioni.

Sasa binti yangu Solange naye anaishi Ufaransa. Leo amempeleka mwanawe Keza, mwenye miaka tisa, kuiona Paris kwa mara ya kwanza. Wakanipigia simu ya video, nami nimekaa barazani hapa nyumbani Rebero, nikawaongoza bila wasiwasi. Shukeni na barabara hii. Kanisa lile, pindeni kulia. Kila kitu kilikuwa pale pale nilipokiacha!

Walipofika mtoni, Keza akauliza, "Babu, ng'ambo kuna nini?"

Nikakohoa kidogo.

Mke wangu akadakia: "Mwambie, Mzee! Miaka minne ulitupitisha njia ile ile."

Ni kweli. Nilikuwa na watoto watatu, sina ramani, na treni ya kurudi haikuwa inamsubiri mtu. Niliogopa kuwapoteza.

"Sijui, mjukuu wangu," nikasema. "Sikuwahi kuvuka."

"Pole, Babu. Basi twende wote."

Akavuka daraja ameinua simu juu, akinieleza duka moja baada ya jingine. Nusu saa nzima mimi nilikuwa wa kuuliza tu, na nimefurahi kupita kiasi.

Nanyi mliowahi kuishi huko, semeni ukweli: mlivuka?