Katibu wa Muda

Dada yangu mkubwa hajawahi kupiga mpira hata siku moja. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu watu wakimwona uwanjani siku hizi, amevaa koti la klabu na kitambulisho kinaning'inia shingoni, wanadhani alikuwa mshambuliaji enzi zake. Hata kuotea hakujui. Ukianza kumweleza anakukatiza: "Hayo mwelezeni refa, mimi nina kazi."

Alikuwa karani wa ofisi ya maji. Kwa miaka kumi na minane alikaa dirisha namba tatu, dirisha la malalamiko, akisikiliza watu waliopandisha mori kwa sababu ya mabomba makavu. Kazi hiyo ilimpa vitu viwili: sauti isiyopanda wala kushuka, na chuki kubwa kwa mtu yeyote anayesema "njoo kesho".

Mpira ulimwingia kupitia binti yake wa pili. Mtoto alikuwa akiaga kwamba anakwenda masomo ya ziada, akirudi ana matope mpaka kwenye nyusi. Siku ya tatu dada akanipitia kibandani kwangu, maana mimi ni fundi cherehani, akasimama mlangoni ameshika kiuno.

"Mdogo wangu, funga hiyo mashine twende. Leo namtoa huyu mtoto huko aliko kwa sikio."

Tulimkuta uwanja wa manispaa. Wanaume walikuwa wameutandaza mchezo wao uwanja mzima, na nyuma ya goli, kwenye kipande chembamba kati ya nyavu na ukuta, kulikuwa na wasichana kumi na tisa na mpira mmoja. Aliyewafundisha ni mwanamke mpana wa mabega, miwani ya kuchomelea ameipandisha kwenye paji la uso. Alikuwa fundi wa mageti, amekuja moja kwa moja kutoka karakana. Sisi tumemwita Kocha tangu siku ile.

"Nani anahusika hapa?" dada akauliza, kwa sauti ileile ya dirisha namba tatu.

Wasichana wakamtazama Kocha. Kocha naye akamtazama dada, kuanzia viatu vya ofisini mpaka kalamu mbili zilizochomekwa mfukoni, kisha akatoa bahasha iliyokunjamana kwenye ovaroli yake.

"Shikamoo, dada. Naona wewe umezoea barua. Hii tumeletewa na chama cha mpira. Nimeisoma mara nne. Najua wananitukana, ila sijui ni kwa neno lipi."

Dada akaisoma amesimama, akafyonza. "Hawajakutukana. Wanasema timu haiwezi kusajiliwa kwa sababu haina katibu. Na tarehe wamekosea." Akachomoa kalamu, akaisahihisha.

Kocha akaona mwanya. "Basi weka jina lako hapo, dada yangu. Kwa muda tu, mpaka tumpate mtu."

Dada akaandika jina lake, na mbele yake akaandika: katibu wa muda. Hiyo ni miaka kumi na moja iliyopita, na mtu bado hajapatikana.

Kusajili timu, tulidhani, ni kupeleka fomu na kugongewa muhuri. Dada akaomba ruhusa ya asubuhi moja kazini. Chama cha mpira kilimwambia timu ya wanawake inahitaji kwanza kibali cha halmashauri. Halmashauri, ghorofa ya kwanza, afisa wa michezo akasema mambo ya wanawake yako ghorofa ya tatu. Ghorofa ya tatu, afisa wa maendeleo ya wanawake akasema mpira ni michezo, ashuke ghorofa ya kwanza. Akashuka. Akaambiwa apande. Ruhusa ya asubuhi moja ikawa asubuhi nne katika wiki mbili, na lifti, bila shaka, ilikuwa mbovu.

Asubuhi ya tano nilikwenda naye kumbebea faili, kwa hiyo haya niliyaona kwa macho yangu. Alifika ghorofa ya pili, akaketi kwenye ngazi, pumzi juu juu, akavua kiatu kimoja akausugua mguu. Kisha akamwita mhudumu wa usafi aliyekuwa akipiga deki. "Mama, nisaidie. Mwambie bwana wa chini kwamba bibi wa juu anamwita hapa haraka. Ukimaliza, mwambie bibi wa juu kwamba bwana wa chini anamsubiri."

Wakaja wote wawili, kila mmoja amejiandaa kukasirika. Wakamkuta dada katikati, mguu mmoja peku, fomu mapajani.

"Mimi sisogei," akawaambia. "Amueni hapahapa timu hii ni ya nani. Mkimaliza, mmoja wenu anipigie muhuri."

Walibishana robo saa nzima. Cha kuchekesha ni kwamba kufikia mwisho kila mmoja alikuwa anaitaka timu iwe yake. Afisa wa michezo akagonga muhuri kwa hasira, na bibi wa ghorofa ya tatu akagonga wa kwake pembeni ili asionekane ameshindwa. Jina la Mama Fomu alilipata siku hiyo, na lilitangulia mbele yake katika kila ofisi aliyoingia baadaye.

Ligi ya wilaya ilianza. Jezi nilishona mimi, kwa sababu zile tulizopewa na chama zilikuwa za wanaume wanene. Beki wetu wa kulia alipovaa yake ilifika magotini, akauliza kama ni gauni la harusi. Wachezaji walikuwa wanafunzi, wauza duka, na msichana mmoja mrefu aliyekuwa akioka mikate kiwandani, mikono imejaa alama za moto. Huyo ndiye kipa wetu. Mpira ulikuwa ukimfikia unatulia, kana kwamba umechoka.

Kilichotutesa ni mlango. Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa na mlango wa chuma, na ufunguo wake uliishi kiunoni kwa mlinzi wa uwanja, pamoja na funguo nyingine thelathini hivi. Tulimwita Bwana Funguo. Timu ya wanaume ikicheza, mlango wazi tangu asubuhi. Sisi tukicheza, ufunguo umepotea. Akina mama walikuwa wakishika khanga na mashuka kuwazungushia watoto wabadilishe nguo nyuma ya jukwaa, huku vijana wa mtaani wakijitia wanatafuta kitu chini. Dada aliandika barua. Akaandika nyingine. Msimu mzima aliandika kumi na mbili, na nakala zote akazitunza.

Siku tuliyocheza na timu ya kutoka mbali, mvua ilishuka kabla ya mapumziko. Wageni wetu wakasimama mbele ya mlango ule wakitetemeka. Bwana Funguo alikuwa chini ya paa lake, anakunywa chai.

"Mzee, tufungulie," dada akamwambia.

"Ufunguo hauonekani, mama. Njoo kesho tuutafute."

Dada aligeuka, akamwambia Kocha, "Vyombo vyako viko wapi?"

"Kwenye mkokoteni, getini."

"Toa huo mlango."

Kocha alikata bawaba zote tatu kabla mapumziko hayajaisha. Mlango ukaanguka kwa kishindo, na wasichana thelathini wakaingia mahali pakavu. Jumatatu dada aliitwa mbele ya kamati ya uwanja kwa kosa la kuharibu mali ya umma. Akaingia na zile nakala kumi na mbili, akaanza kuzisoma, moja baada ya nyingine, bila kuruka salamu wala tarehe. Alipofika ya saba, mwenyekiti akainua mikono. Tukaruhusiwa kuweka mlango mpya. Kocha aliutengeneza mwenyewe, na ufunguo mmoja akapewa dada.

Mwaka uleule binti yake, aliyetuingiza katika yote haya, akaja na habari mpya. Tulikuwa mezani, tunakula.

"Mama, nimeacha mpira."

Dada akaweka kijiko chini. "Umeacha nini?"

"Magoti yananiuma, na nataka kusomea ufamasia. Mpira nimeuchoka."

Shemeji yangu, ambaye ni kinyozi na huwa hakosi neno, akajishughulisha na mfupa wa samaki. Dada alimtazama mtoto, akanitazama mimi, akatazama rundo la leseni za wachezaji juu ya kabati. "Mimi nimepanda ngazi za watu," akasema polepole, "mimi nimesimamishwa mbele ya kamati, halafu wewe umechoka?"

"Basi na wewe uache, mama."

"Niache vipi? Jumamosi tuna mechi!"

Mtoto akaenda zake kwenye ufamasia, na dada akabaki kwenye mpira. Sijui kama kuna mtu amewahi kuchezewa chenga kubwa kuliko hiyo.

Timu ilipanda. Miaka miwili mkoani, mitatu ligi ya pili, mmoja tukashuka kwa sababu mabeki wawili waliolewa mwezi mmoja, tukapanda tena mpaka ligi kuu. Watu waliokuwa wakija kucheka wakaanza kuja kushangilia, halafu wakaanza kudai kwamba walikuwepo tangu mwanzo. Ligi kuu ya wanawake ilipotangazwa kuwa ya kulipwa, kiwanda cha sabuni kikajitokeza kutudhamini. Ikawa lazima kila mchezaji awe na mkataba: mpira uwe kazi yake, mshahara, daktari, likizo. Kipa alilia aliposikia kwamba hatarudi tena tanurini.

Siku ya kusaini tulikaa ukumbi wa kiwanda, meza ina kitambaa cheupe, mpiga picha tayari. Mwanasheria wa mdhamini, kijana mtanashati, akasukuma karatasi mbele ya kipa. Dada akazivuta kwake.

"Mama, ni mkataba wa kawaida," kijana akasema. "Wa wanaume ndio huuhuu."

"Ndiyo nauona." Akasoma kurasa zote tisa, mpiga picha anahamisha uzito mguu mmoja kwenda mwingine. Mwishowe akauliza, "Hapa mmeandika mchezaji asipocheza miezi mitatu mkataba unavunjika. Akipata mimba je?"

Kijana akatabasamu. "Hilo halijawahi kutuletea shida."

"Kwa wanaume? Msimu uliopita walijifungua wangapi?"

Kocha akapaliwa na maji. Hakuna aliyesaini siku ile. Mpiga picha alirudi na picha za kitambaa cheupe, na sisi tukarudi nyumbani wengine wamenuna, maana wasichana walikuwa wamesuka nywele kwa ajili ya picha. Nahodha alimwambia dada usoni, "Mama, utatuharibia." Nami kusema kweli niliogopa hivyo hivyo. Zilipita wiki tatu za kusubiri, dada akienda kazini na kurudi. Kisha mkataba ukarudi na ukurasa wa kumi. Kipa ndiye aliyekuwa wa kwanza kuutumia, miaka miwili baadaye. Alikaa nje kulea, akarudi golini, na nafasi yake aliikuta.

Sasa ungedhani baada ya kushinda vita ya mkataba dada angeheshimiwa. Mdhamini akaleta mkurugenzi mpya, bwana mwenye suti na maneno mengi, akatangaza kwamba klabu ya kulipwa lazima iwe na watumishi wa kulipwa, na kila mtu aombe upya nafasi yake. Dada alikuwa amestaafu ofisi ya maji mwezi uliotangulia. Akajaza fomu. Palipoulizwa "miaka uliyocheza mpira" akaandika sifuri, kwa sababu hajui kudanganya kwenye fomu. Hakuitwa hata kwenye usaili. Walimpa cheo cha mshauri wa heshima, cheo kisicho na meza wala kiti.

Alikaa nyumbani wiki mbili akipanga upya kabati ambalo lilikuwa limepangwa. Shemeji alikuja kwangu kunisihi. "Shemeji, mpeleke popote. Jana amenipangia mashine zangu za kunyolea kwa urefu."

Wiki ya tatu mkurugenzi alikuja mwenyewe, suti imelowa jasho. Leseni za wachezaji sita wapya hazijawasilishwa, dirisha la usajili linafungwa kesho yake saa kumi, na afisa wa ligi amemwambia hataki kuongea na mtu mwingine ila Mama Fomu.

"Karibu, baba," dada akamwambia, hajainuka. "Nitahitaji meza. Mlango wa ofisi ukae wazi, mchezaji asiombe miadi kuniona. Na wasichana wadogo wapate uwanja Jumanne na Alhamisi, uwanja wote, si nyuma ya goli."

"Mama, hayo inabidi bodi ikae—"

"Basi ikae. Mimi nipo hapa."

Bodi ilikaa jioni hiyohiyo. Leseni ziliwasilishwa kesho yake saa tisa na nusu.

Msimu huo wa kwanza wa kulipwa tulifungwa sana, wacha niseme ukweli. Mechi ya mwisho ilikuwa nyumbani, na tulihitaji sare ili tusishuke. Jukwaa lilijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Tulitangulia kufungwa, na nahodha akasawazisha kwa kichwa dakika za lala salama. Dada hakuliona goli. Alikuwa getini akigombana na mtu aliyetaka kuingia na pikipiki.

Filimbi ilipolia nilimfuata vyumbani. Wasichana walikuwa sakafuni, wamekumbatiana na kulia. Kocha alikuwa kwenye kona ameficha uso kwa taulo, mabega yanatikisika. Dada alisimama mlangoni, akawahesabu mara mbili, nikajua na yeye anajikaza. Kisha akalikokota kapu la nguo chafu mpaka katikati ya chumba.

"Haya, jezi humu. Zinatakiwa kufuliwa na kurudishwa stoo kesho. Kulia mtalia mkiwa mmevaa nguo zenu."