Chuma cha Bega la Nguruwe

Niliomba ufadhili wa kusomea lishe. Nilipofika Durban kutoka Tanga, ndipo nikaambiwa nyama ya kuchunguza ni ya nguruwe wa kienyeji, na ufadhili mwingine hakuna. Mama alipouliza kwa simu nachunguza nini, nikajibu nyama. Hakuuliza ya mnyama gani, kwetu swali hilo halipo.

Kazi yangu ilikuwa kusaga bega, mgongo, paja na tumbo, kila kipande mbali, kupima mafuta, kisha kuichoma nyama kwenye tanuri mpaka yabaki majivu tu ya kupimia madini. Nilivaa glavu mbili mbili. Hata hivyo, kila nikimaliza nilinawa kuondoa najisi kama tulivyofundishwa madrasa: mara saba, moja kwa udongo. Udongo mwekundu niliuchota bustani ya chuo, nikauficha ndani ya kopo la kahawa chini ya sinki. Wenzangu walidhani ni dawa ya ngozi, nami nikawaacha wadhani.

Majibu yakatoka. Tumbo mafuta matupu, mgongo una protini ya kuringia, lakini bega lilikuwa na madini ya chuma kushinda hata maini. Msimamizi wangu, profesa Mkenya anayewapenda nguruwe wake kama wajukuu, akaanza kuandaa hotuba ya mkutano. Mimi nilitazama sinki, nikakumbuka kuwa wekundu wa udongo ule ni chuma. Vibakuli vya kuchomea bega vilikuwa vimeanikwa palepale ninaponawia.

Siku tatu sikula vizuri. Nikinyamaza, uongo ungetoka na jina langu. Nikisema, huenda ningerudishwa Tanga, na Tanga wangetaka kujua nimeharibu nini. Nilimchukia nguruwe, nikamchukia profesa, halafu nikajichukia mwenyewe, ambaye ndiye niliyestahili.

Siku ya nne nilimpelekea profesa kopo ofisini, nikaeleza yote. Aligusa udongo kwa kidole.

"Ungeniambia siku ya kwanza ningekupa mradi wa mbuzi kwa ufadhili huohuo," alisema. "Mradi huo ulikuwa wazi. Sasa una mtu. Nguruwe hawa utawarudia wote, kuanzia bega."

Jioni mama alipiga simu. Nikamwambia kazi imeharibika, naanza upya.

"Nyama ileile?"

"Ileile, mama."

"Basi utakuwa umeijua vizuri. Ukirudi utatupikia."

Nikamjibu inshallah.