Siku Tatu za Machozi

Filamu ile niliitafuta makusudi, na sioni haya kusema. Katika duka moja la Mlandege wanakotia sinema kwenye flashi, nilimwambia muuzaji nataka ile ya mama anayerudi nyuma siku zilizopita kumwokoa mwanawe, tena iliyotiwa maneno ya Kiswahili, maana ninayetaka kumwonesha hajui lugha nyingine. Huyo ni mwanamke aliyenizaa. Humwita Mama wa Mjini. Mama, bila ya nyongeza, nilimwita shangazi yangu wa kijijini Bwejuu, aliyenilea.

Kwetu hilo si jambo geni. Dada mtu akikosa kizazi, akaja kumwomba kaka yake mtoto wa kwanza, hakataliwi. Mimi niliombwa nikatolewa, nina mwaka na nusu, pamoja na kikapu cha nguo. Shangazi alinilea kwa kusokota kamba za makumbi ya nazi na kwa kelele nyingi. Akinichapa, nami nikamtishia kwamba nitarudi kwa mama yangu, husema, "Mama yako alikulilia, mwanangu. Siku tatu alilia, kanga yake ikawa ya kukamua." Nilikua na kisa hicho. Wenzangu waliponiita mtoto wa kuombwa, niliwajibu kwamba mimi nimeliliwa, wao je?

Shangazi alipofariki mwaka jana nikaanza kwenda Michenzani kila Jumamosi, ghorofa ya nne, kumwangalia Mama wa Mjini. Alinipa chai, akaniuliza hali ya biashara, tukazungumza kama watu wawili waliokutana kwenye foleni ya hospitali. Nilichokitaka kilikuwa kimoja tu: nisikie kwa kinywa chake kwamba alilia. Lakini mzazi hakabiliwi akaulizwa jambo kama hilo hivi hivi. Ndiyo nikapeleka filamu.

Ndani yake mtoto anaibwa kwenye kituo cha treni saa tisa na robo. Mama yake, kila akilala, huamka asubuhi ya siku ile ile, akajaribu njia nyingine. Mara afunge milango, mara amfiche mtoto kabatini, mara ampige mwizi kwa chuma. Saa tisa na robo ikifika, mtoto hayupo. Mfasiri naye, mtu asiyejua kunyamaza, alipiga kelele juu ya kila kitu: "Kimbia mama, huyo anakwenda naye!" Mama wa Mjini alisogea mpaka ukingoni mwa kiti. Mtoto alipopotea mara ya tano, alishika ncha ya kanga akafuta macho.

Mimi sikuwa nikitazama televisheni tena. Nilikuwa nikimtazama yeye, na moyo umenijaa. Nilijiona mjinga kwa kumwekea kinyongo miaka yote ile kwa kunitoa.

Yule mama mwishowe alimpata mwanawe. Nikapunguza sauti ya televisheni, nikamwuliza Mama wa Mjini, "Na wewe, ungeweza kurudi siku ile niliyochukuliwa?"

"Nrudi nkafanye nini?" Alishangaa kweli.

"Si ulilia siku tatu?"

"Nani kakwambia? Mie nlilala. Nlikuwa na mimba ya mdogo wako, na wewe usiku hulali, mchana hulali, kazi yako kulia tu. Ulipotoka mlangoni nkajitupa kitandani, nkaamka kesho yake inaadhiniwa adhuhuri. Sjapata tena usingizi kama ule."

Alilisema bila ubaya wowote, kama mtu anayekumbuka pilau ya harusi.

"Basi nani alilia?"

"Alolia wifi yangu! Kakupakata, analia tangu ngazini kwa furaha, mpaka dereva akamwuliza kama kafiwa. Na miaka yote akija mjini hunambia, wifi, nkimtazama mwanangu kalala, machozi hunitoka."

Nikamwambia nnakwenda. Akasema haya, Jumamosi nimletee nyengine nzuri kama hii.

Nilishuka ngazi kwa hasira, na hasira hiyo haikuwa juu yake. Huyu hajanidanganya hata siku moja. Nilimkasirikia marehemu, Mungu anisamehe, kwa kuchukua machozi yake mwenyewe akampa mwingine, ili nisimchukie aliyenitoa. Nikajikasirikia mimi zaidi. Miaka thelathini nimekula na kulala kwa mwanamke aliyenililia, nami nikimwambia usoni pake kwamba mama yangu yuko mjini.